Kompyuta ikipotea ugenini, kilichopotea hasa ni nini?

Tarehe 31 Oktoba 2012, kompyuta mpakato ya mfanyakazi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliibwa kutoka ndani ya gari lake. Gari lilikuwa limefungwa, na kompyuta yenyewe ilikuwa na nywila. Hata hivyo, wiki mbili baadaye shirika lilikuwa likiwatahadharisha maelfu ya watu kwamba taarifa zao binafsi huenda zimeangukia mikononi mwa mwizi. Likaamuru pia kwamba kompyuta yoyote yenye taarifa nyeti isitoke nje ya majengo yake mpaka diski yake yote iwe imesimbwa, yaani isisomeke bila ufunguo.

Kama kompyuta ilikuwa na nywila, hofu ilikuwa ya nini? Nywila unayoandika kompyuta inapowaka huulizwa na mfumo endeshi, uwe Windows, macOS au Linux, na mwizi halazimiki kuuamsha mfumo huo. Anachukua bisibisi, anafungua mfuniko wa chini, anachomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Au hahitaji hata bisibisi: anachomeka flashi yenye mfumo mwingine, anaiwasha kompyuta kwa huo, na faili zako zinafunguka kana kwamba ni zake. Hakuhangaika kuivunja nywila, aliizunguka.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wasafiri wengi wanatayarisha kinga ya jambo moja huku wakidhani wamejikinga na mengine yote. Anayebeba kompyuta nje ya nchi anaweza kupata hasara za aina tatu. Ya kwanza ni chuma chenyewe, mashine iliyonunuliwa kwa fedha. Ya pili ni siri: mtu mwingine kusoma yaliyomo. Ya tatu, ambayo haizungumzwi sana na ambayo mimi naiogopa kuliko hizo mbili, ni wewe mwenyewe kufungiwa nje ya mambo yako ukiwa mbali na kila mtu anayekufahamu. Kila hasara ina dawa yake, na dawa ya moja inaweza kuizidisha nyingine. Diski iliyosimbwa inalinda siri, lakini ukipoteza ufunguo wake umejifungia nje mwenyewe. Nakala za ziada zinakuokoa na upotevu, lakini kila nakala ni mahali pengine ambapo siri inaweza kuvujia. Ndiyo maana ushauri wa haraka haraka kuhusu jambo hili huwa unapingana.

Diski iliyosimbwa, na kompyuta iliyolala

Kusimba diski ni kuyaandika yote yaliyomo kwa namna isiyosomeka bila ufunguo. Mwizi akiichomoa na kuipeleka popote, anachokiona ni mchafuko wa herufi. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na BitLocker katika matoleo ya Pro, na kompyuta nyingi mpya zenye toleo la Home zina namna yake nyepesi zaidi. Kwenye Mac ni FileVault. Kwenye Linux ni LUKS, ambayo kwa kawaida huchaguliwa wakati wa kusimika mfumo. Wenye Mac za miaka ya karibuni wajue jambo moja: diski zao zimesimbwa tangu kiwandani, lakini bila kuwasha FileVault ufunguo haufungamani na nywila yao, na kinga wanayodhani wanayo haijakamilika.

Kanuni inayotumiwa na programu hizi zote, AES, ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001, na mpaka leo hakuna njia ya vitendo ya kuivunja inayojulikana hadharani. Kwa hiyo mtu anayezitaka siri zako hashindani na hesabu. Anatafuta nywila dhaifu, au anatafuta kompyuta ambayo tayari imefunguliwa.

Hapo pa kompyuta iliyofunguliwa ndipo wengi wanapoteleza. Ukifunika kompyuta bila kuizima, imelala tu. Ufunguo wa diski bado umo ndani ya kumbukumbu ya muda, ile inayoitwa RAM, ili ukiifunua uendelee na kazi papo hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba hata umeme ukikatwa ghafla, kumbukumbu hiyo hubaki na yaliyomo kwa sekunde kadhaa mpaka dakika, na ikipozwa kwa baridi kali hubaki kwa muda mrefu zaidi. Kwa njia hiyo walizipata funguo za BitLocker, FileVault na programu nyingine. Kompyuta za sasa zimeongezewa kinga, lakini kanuni haijabadilika: usimbaji unalinda kompyuta iliyozimwa. Iliyolala ni mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo.

Basi izime kabisa kabla ya kuingia uwanja wa ndege, kabla ya kuvuka mpaka, kabla ya kuiacha chumbani, kabla ya kulala usingizi kwenye treni. Ni dakika moja ya kusubiri iwake tena. Hii ndiyo tabia ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu haigharimu chochote na bila yake usimbaji wote unaweza kuwa kazi bure.

Mwenye kubeba mambo mazito zaidi, kama vile faili za wateja au majina ya watu waliozungumza naye kwa siri, aongeze hatua moja. Kwa kawaida BitLocker huifungua diski yenyewe kompyuta inapowaka, kwa kutumia kitunza-funguo kidogo kilichomo ndani, na nywila huja kuulizwa baadaye na Windows. Watafiti wameonyesha kwamba kwenye baadhi ya kompyuta ufunguo huo unaweza kunaswa ukipita kwenye nyaya kati ya kitunza-funguo na kichakataji. Dawa yake ni kuweka namba ya siri inayoulizwa kabla ya Windows kuamka.

Halafu kuna ufunguo wa dharura. BitLocker hutoa namba ya tarakimu 48 ambayo itaulizwa siku kompyuta ikihisi kuna kilichobadilika ndani yake, pengine baada ya sasisho au tengenezo dogo. Siku hiyo huja bila hodi. Itafute namba hiyo sasa, uiandike, na usiiweke kwenye begi moja na kompyuta.

Kufungiwa nje

Mfikirie msafiri aliyejitayarisha vizuri. Diski yake imesimbwa, nywila zake ni ndefu na kila akaunti ina ya kwake, zote zimo ndani ya programu ya kutunza nywila. Kila akaunti muhimu inadai pia namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu. Siku ya tatu ya safari, begi lake linachukuliwa kituoni. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, simu na pochi.

Siri zake ziko salama. Yeye je? Anaazima simu ya mtu na kujaribu kufungua barua pepe. Akaunti inaona mtu anayeingia kutoka nchi ngeni kwa kifaa kigeni, na inataka namba iliyotumwa kwenye simu, simu ambayo imekwenda na begi. Programu ya kutunza nywila nayo inataka uthibitisho kutoka kwenye barua pepe. Benki inataka kupiga simu kwenye laini ileile. Nakala ya pasipoti imo kwenye hifadhi ya wingu, ile ya mtandaoni, ambayo haifunguki. Kila mlango unamwelekeza kwenye mlango mwingine uliofungwa. Alijikinga na wezi kwa ustadi, na sasa mifumo yake mwenyewe haiwezi kumtofautisha na mwizi.

Tatizo hili hutatuliwa kabla ya safari, kwa karatasi. Akaunti nyingi zinazotumia uthibitishaji wa hatua mbili zinakuruhusu kutoa namba za akiba, kila moja ya kutumika mara moja, kwa ajili ya siku kama hiyo. Zichapishe au uziandike kwa mkono. Nakala moja ikae mwilini mwako, mahali usipoweka kompyuta wala simu. Nyingine ibaki kwa mtu unayemwamini nyumbani, ambaye namba yake ya simu unaijua kwa moyo. Naam, kwa moyo. Zamani tulikuwa na namba kumi kichwani, siku hizi wengi hatuna hata moja, na msafiri aliyeporwa simu hugundua hilo kwa uchungu. Kariri namba moja na nywila mbili: ya barua pepe na ya programu ya kutunza nywila. Mengine yote yanaweza kupatikana kupitia hizo.

Namba zinazotumwa kwa ujumbe wa simu zina matatizo yake hata bila wizi. Ukitoa laini yako ya nyumbani ili kuweka ya ugenini, ujumbe hautakufikia. Na hata usipoitoa, huenda laini isipate mtandao huko. Ni afadhali kuhamia kwenye programu ya simu inayotengeneza namba hizo yenyewe. Haitumii mtandao hata kidogo: hukokotoa namba kutokana na siri iliyowekwa siku ya kuunganisha akaunti pamoja na saa ya simu, kwa hiyo hufanya kazi hata katikati ya bahari, mradi saa iwe sahihi. Bora zaidi ni funguo ndogo za kuchomeka kwenye kifaa, zinazothibitisha kwamba ni wewe, zinunuliwe mbili, moja ibaki nyumbani.

Na akiwa katika shida hiyo, msafiri asikimbilie kompyuta ya umma ya hotelini. Mwaka 2014 idara ya Secret Service ya Marekani iliwatahadharisha wenye hoteli kwamba wahalifu walikuwa wakipachika kwenye kompyuta za wageni programu zinazonakili kila kinachoandikwa. Simu ya kuazima kutoka kwa mtu unayemfahamu ni salama zaidi, kisha nywila zilizotumika humo zibadilishwe ukipata kifaa chako.

Nakala

Diski ya nje inayobebwa kwenye begi moja na kompyuta siihesabu kuwa nakala ya akiba, maana atakayechukua kimoja atachukua vyote viwili. Kanuni ya wanaotunza kumbukumbu ni tatu, mbili, moja: kila kitu kiwe na nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa msafiri ina maana kwamba kuna nakala kamili iliyobaki nyumbani, na kazi mpya ya safarini inapanda kwenye hifadhi ya wingu au kwenye diski ndogo iliyosimbwa inayokaa mbali na kompyuta.

Tahadhari mbili. Kuoanisha faili na wingu si sawa na kuweka nakala: ukifuta kitu kwa bahati mbaya, au kikiharibiwa na kirusi, uharibifu huo nao unaoanishwa. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha ni dhana tu. Kabla ya kuondoka, chagua faili moja na ujaribu kuitoa kwenye nakala. Nimewaona watu wakigundua wakati huo, kwa bahati yao, kwamba programu iliacha kufanya kazi miezi mingi nyuma.

Mpakani

Mwizi hana haki ya kuona yaliyomo. Ofisa wa mpakani anaweza kuwa nayo kisheria, na hilo linabadilisha kila kitu, kwa sababu usimbaji unategemea wewe kukataa kusema nywila, na mpakani kukataa kuna gharama.

Gharama hiyo inatofautiana sana. Marekani, maofisa wa forodha na ulinzi wa mipaka hufuata mwongozo wa Januari 2018 unaotenganisha ukaguzi wa aina mbili: wa kawaida, ambapo ofisa anapekua kifaa kwa mkono, na wa kina, ambapo kifaa kinaunganishwa na mitambo ya kunakili na kuchambua. Wa kina unahitaji shaka ya msingi au suala la usalama wa taifa. Mwongozo huohuo unasema kwamba ofisa aangalie kilichomo ndani ya kifaa chenyewe, mtandao ukiwa umezimwa, si kilichoko kwenye wingu. Raia wa Marekani hawezi kuzuiwa kuingia nchini mwake kwa kukataa kutoa nywila, lakini kifaa chake kinaweza kushikiliwa. Mgeni anaweza kurudishwa alikotoka.

Uingereza ina sheria kali zaidi. Chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, msafiri anaweza kusimamishwa na kuhojiwa mpakani, na kukataa kutoa nywila kunaweza kuwa kosa la jinai. Mwaka 2017 mkurugenzi wa shirika moja la utetezi alitiwa hatiani baada ya kukataa katika uwanja wa Heathrow. New Zealand iliweka sheria mwaka 2018 inayoruhusu faini ya hadi dola 5,000 za nchi hiyo kwa anayekataa bila sababu ya msingi.

Nasema wazi ninachokiamini: usimdanganye ofisa wa mpakani, na usijaribu kuficha faili kwa ujanja. Uongo unaweza kuwa kosa mahali ambapo faili yenyewe haikuwa kosa. Njia ya heshima, na yenye nguvu zaidi, ni kutokuwa nacho. Kompyuta isiyo na barua pepe za miaka 10, picha za familia, wala mikataba ya wateja inaweza kufunguliwa mbele ya ofisa bila moyo kwenda mbio. Unachokihitaji ukifika, unakishusha kutoka kwenye wingu. Kabla ya kurudi, unakipandisha na kukiondoa. Kampuni nyingi huwapa wafanyakazi wao kompyuta maalumu ya safari kwa sababu hii. Mtu binafsi anaweza kutumia kompyuta ya zamani iliyosafishwa na kusimikwa upya. Programu ya kutunza nywila ya 1Password ina hali ya safari tangu mwaka 2017, ambayo huyaondoa kabisa kwenye kifaa mafungu yote ya nywila usiyoyatia alama ya kuwa salama kwa safari, mpaka uizime.

Lakini kuondoa si kufuta tu. Faili ikitupwa kwenye pipa la taka na pipa kumwagwa, kinachofutwa kwa kawaida ni anwani yake, si maandishi yenyewe. Diski za kisasa za SSD hatimaye huyasafisha maeneo hayo kwa wakati zinaoujua zenyewe, na huwezi kutegemea kwamba zimekwisha kufanya hivyo unapofika kwenye foleni ya ukaguzi. Ndiyo maana kuanza na mashine safi ni bora kuliko kusafisha mashine chafu usiku wa kuamkia safari. Wanasheria, madaktari na waandishi wa habari walichukulie jambo hili kwa uzito wa pekee, kwa kuwa siri wanazobeba ni za watu waliowaamini.

Na ikiwa kompyuta imepelekwa chumba kingine ukabaki unasubiri? Ichukulie kuwa si ya kuaminika tena. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama Joanna Rutkowska alieleza shambulio alilolipa jina la mjakazi mwovu: mtu anaingia chumbani wakati mwenye kompyuta hayupo, anabadilisha programu ndogo inayouliza nywila ya diski, kisha anaondoka. Mwenye kompyuta anarudi, anaandika nywila yake kama kawaida, nayo inanakiliwa. Usimbaji haujavunjwa, umezungukwa kama nywila ya yule mfanyakazi wa NASA ilivyoweza kuzungukwa. Kompyuta za sasa hukagua programu za kuwashia kabla ya kuziamini, na hilo limeifanya kazi ya mshambuliaji kuwa ngumu zaidi. Hata hivyo, aliyekuwa na kompyuta yako mkononi kwa saa nzima amepata nafasi ambayo mwizi wa mtandaoni haipati. Badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, kisha usimike mfumo upya.

Kabla sijaondoka mpakani: VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamesimbwa kupitia seva ya mtu mwingine, na ambayo baadhi ya wasafiri huichukulia kama mwavuli wa kila mvua, imewekewa masharti katika nchi kadhaa, zikiwemo China, Urusi, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Soma sheria ya unakokwenda kabla ya kuipakia.

Mtandao wa bure

Hofu ya Wi-Fi za hoteli na viwanja vya ndege ilikuwa na msingi imara. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja alitoa programu iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye mtandao uleule wa wazi kuziteka akaunti za jirani yake kwa kubofya tu. Aliitoa makusudi ili kuzilazimisha tovuti zijirekebishe, nazo zikajirekebisha. Leo tovuti nyingi mno husimba mawasiliano kutoka kivinjari mpaka kwenye seva, na anayesikiliza hewani anaona kwamba umetembelea tovuti fulani, lakini haoni ulichoandika humo.

Kwa hiyo hatari imehama. Sasa mshambuliaji anataka wewe mwenyewe umfungulie. Mei 2012 FBI iliwaonya wasafiri kuhusu madirisha yaliyojitokeza walipojiunga na mtandao wa hoteli, yakiwataka wasasishe programu fulani. Sasisho lenyewe lilikuwa kirusi. Mwaka 2014 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kwa kirefu kundi ililoliita Darkhotel, lililokuwa likiwawinda wakuu wa makampuni kwa mbinu hiyohiyo katika hoteli za Asia kwa miaka kadhaa. Sasisha kila kitu kabla ya kuondoka, na ukiwa ugenini kataa sasisho lolote linalojitokeza lenyewe ukiunganishwa. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, ondoka, hata kama una haraka. Ukurasa wa kuingilia mtandao ukidai nywila ya barua pepe yako, ufunge.

VPN inahamisha imani yako kutoka kwa mwenye Wi-Fi kwenda kwa mwenye VPN, basi. Haizuii kirusi wala haikulindi na ukurasa wa uongo. Mtandao wa simu yako mwenyewe, ukiugawia kompyuta, unatosha kwa mambo mengi.

Njiani

Kompyuta ikae nawe ndani ya ndege, isiwekwe kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya wizi na kwa sababu ya moto pia. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu betri za lithiamu zisizozidi Wh 100 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri) bila kibali. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege liridhie kwanza. Zaidi ya hapo haziruhusiwi. Betri za akiba na vichajio vya kubeba ni lazima vikae nawe ndani ya chumba cha abiria. Kichajio kikiwa kimeandikwa mAh (kipimo kingine cha ujazo wa betri) peke yake, zidisha kwa volti kisha gawanya kwa 1,000: chenye mAh 20,000 na volti 3.7 ni Wh 74, kinapita. Mashine za X-ray haziiharibu diski. Kinachodhuru kwenye ukaguzi ni treya lako kutangulia upande wa pili wakati wewe bado umesimama kwenye foleni. Usilisukume mpaka uone zamu yako ya kupita imefika.

Chaja za kompyuta karibu zote hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, na hilo limeandikwa juu yake. Kinachohitajika ni kiunganishi cha umbo la plagi. Chukua chaja yako mwenyewe, wala usichomeke kompyuta kwenye waya wa USB usioujua.

Kasha la chuma la hotelini lina namba kuu inayojulikana na wenye hoteli, na waya wa kufungia kompyuta mezani hukatika. Vyote viwili vinamzuia mpita njia, na vinafaa kwa kiasi hicho.

Ikiibwa

Wengi hukimbilia polisi kwanza. Mimi nasema kimbilia akaunti kwanza, kwa kuwa dakika za mwanzo ni za thamani kuliko zote, hasa ikiwa kompyuta ilichukuliwa ikiwa wazi. Kwa kifaa kingine, ondoa vifaa vyote kwenye akaunti ya barua pepe, badilisha nywila yake, kisha ya programu ya kutunza nywila, kisha ya benki. Toa amri ya kufunga au kufuta kompyuta kwa mbali. Amri hiyo itatekelezwa tu siku kompyuta ikigusa mtandao, kwa hiyo usiihesabu kuwa imekwisha kazi. Kama ni ya ofisini, waarifu siku hiyohiyo, usione haya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu 2018, huipa taasisi saa 72 za kuripoti uvujaji tangu iujue, na nchi nyingine zina masharti ya namna hiyo.

Kisha nenda polisi na namba ya utambulisho ya kompyuta, ile iliyochapwa chini yake, ambayo ulikuwa umeiandika kwenye karatasi ileile ya namba za akiba. Bila namba hiyo, polisi hawana cha kulinganisha kompyuta ikipatikana, na bila hati ya polisi kampuni ya bima kwa kawaida hailipi. Isome bima yako kabla ya safari: nyingi hazifidii kompyuta iliyoachwa bila mwangalizi au iliyowekwa kwenye mzigo wa chini.

Na ukirudi salama nayo, bado kuna kazi ya nusu saa. Badilisha kila nywila uliyoiandika kwenye kifaa kisicho chako. Ondoa programu ulizozipakia kwa ajili ya safari tu. Fungua orodha ya mitandao ya Wi-Fi ambayo kompyuta imeikumbuka na ufute yote ya safarini, kwa sababu kompyuta iliyoachiwa kujiunga yenyewe inaweza kuupokea mtandao wowote wenye jina kama lile la hotelini, awe ameuwasha nani na popote pale.